Mume Wangu Haoti

Tangu nimalize chuo, swali moja lilininyima usingizi: je, wasichana huota ndoto za kutisha mara nyingi kuliko wavulana, au wao ndio huulizwa? Mhadhiri alikuwa ametuambia kwamba wanawake hulalamikia majinamizi zaidi. Wenzangu waliandika, wakaendelea na maisha yao. Mimi nilirudi nalo Mtwara, na kila nilipoligeuza kichwani lilininukia ubani.

Ubani huo ulikuwa wa Bi Zuhura, jirani yetu wa Shangani. Masika moja ya miaka ya tisini mama alipelekwa Dar es Salaam kufanyiwa upasuaji, na baba, mwalimu aliyehamishiwa huku kutoka Mwanza, akatukabidhi kwa Bi Zuhura, mimi na dada yangu pacha, Doto. Tulikuwa na miaka minane. Mvua ilipiga bati usiku kucha, na sote wawili tukawa tunaota ndoto ileile: mama anaingia baharini na nguo zake za kanisani, tunamwita, hageuki.

Asubuhi Bi Zuhura alifukiza chumba, akamkalisha Doto mkekani na kumshikisha bakuli la maji. Kwake, ndoto mbaya haikusimuliwa mtu kabla ya kusimuliwa maji. "Yaambie, bibi. Yaambie yote." Doto alinong'ona, akalia, kisha wakaenda kuyamwaga nyuma ya nyumba. Kabla ya kengele ya shule alikuwa anaruka kamba.

Nami nikasogea nipate bakuli langu. Bi Zuhura akaangua kicheko. "Na wewe, mume wangu, umeota nini? Mume wangu haoti! Huyu kavimbiwa muhogo." Nikacheka naye. Kuitwa mume na mtu mzima kulikuwa heshima, na heshima hiyo niliilinda kwa kunyamaza. Shuleni nilipigana na yeyote aliyemtaja mama yangu. Hakuna aliyehusisha ngumi zile na usingizi.

Sisemi Doto alipata nafuu tupu. Ndoto zake ziliaminiwa mno: akiota maji, hapelekwi ufukweni. Hadi leo hajui kuogelea, na ndoto moja humvurugia wiki nzima. Mimi naogelea hadi mbali, ila nasaga meno usingizini.

Mama alipona, akarudi, sasa ana mvi. Siku hizi nasikia wazazi wa Shangani wakimuuliza hata mtoto wa kiume amelalaje. Lakini ndoto yangu haikupata habari kwamba mama amerudi. Nikimwambia, nitamtia mkosi? Atanicheka, mtu mzima mwenye shahada?

Jumamosi asubuhi nilimkuta barazani anabangua korosho, nikaketi karibu naye.

"Mama, ulipokuwa hospitali nilikuwa naota umekufa maji."

"Si alikuwa Doto?"

"Na mimi."

Mikono yake ikasimama. "Uliacha lini?"

"Sijaacha."

Akalisogeza sinia kando, akaniambia nianze mwanzo. Nikaanza.