Kipande Kisicho na Miti

Tangu kaka yangu afariki, wifi yangu huamka, hufagia, hupika, hulala. Ukimuuliza hali anakujibu, "Nipo," basi. Hakulia hata siku ya mazishi. Watu walisema mengi, nami nikawaambia wafunge midomo yao.

Shamba alilobaki nalo ni moja kati ya mashamba matatu yaliyomo kwenye majaribio ya watafiti. Kaka alikubali kulitoa miaka minne iliyopita, majirani wakimcheka kwamba anapanda kuni katikati ya mahindi. Vipande vitatu vina mistari ya miti ya mbolea. Kabla ya mvua unaipogoa, majani unayafukia kwenye matuta, na mahindi yanashiba. Kipande cha nne hakina miti na hakiwekwi chochote, ili mtafiti, tunayemwita Bwana Miti, apate cha kulinganishia. Kaka alikiita kipande cha njaa, na alikilinda kwelikweli. Mbuzi akiangusha kinyesi mle, kaka alikiokota punje kwa punje.

Mavuno ya msimu huu ndiyo yangeamua kama kijiji chetu kitaletewa miche. Wale waliocheka sasa walikuwa wanaisubiri kwa hamu. Na shamba likibaki kwenye majaribio, wifi angeendelea kupata mbegu na vibarua wawili wa kupogoa, kwa sababu mikono yake peke yake haitoshi.

Bwana Miti alifika asubuhi, akatundika mizani kwenye nguzo tatu alizozifunga pamoja, akapima. Vipande vitatu vya kwanza vilikuwa na mavuno ya kutosha. Cha nne kikalingana navyo. Akapima tena. Kisha akageuza ndoo, akaikalia.

"Kwa vipimo hivi," alisema, "miti haisaidii kitu. Uwe nayo, usiwe nayo, ni yale yale. Mama, hapa paliwekwa kitu?"

Nilijua palepale. Nilishamwona wifi akipita upande ule na mzigo wa majani kichwani, nikajisemea mwache, angalau anatembea. Akinyamaza, shamba linabaki, lakini kijiji kinaambiwa miti ni kazi bure. Akisema, anafutwa kwenye majaribio.

"Wifi, nyamaza," nilimnong'oneza. Sioni aibu kulisema. Nilikuwa nafikiria chakula chake kwanza, kijiji baadaye.

"Niliweka majani," alisema. "Tangu mvua za kwanza."

"Labda ulisahau," Bwana Miti alisema, na niliona anamtafutia pa kutokea.

"Sikusahau. Marehemu alinieleza vizuri kabisa kwamba pale hapawekwi kitu."

"Sasa kwa nini, mama?"

Wifi alikuwa anatazama mabua. Sauti yake ilikuwa ileile anayoombea chumvi.

"Yalianza kuwa manjano. Nilikuwa nimetoka kumuuguza mume wangu miezi mitano, kila siku sina cha kumpa. Haya nilikuwa na cha kuyapa."

Bwana Miti akatoa daftari, akapiga mstari juu ya jina la shamba letu, taratibu, kama mtu asiyependa anachokifanya. Alisema ripoti itaandikwa kwa mashamba mawili yaliyobaki, na huko miti imeonyesha faida, hivyo kijiji huenda kikapata miche yake. Mbegu na vibarua wa wifi ndiyo basi. Kuhusu kipande cha nne, alisema sasa ni cha wifi, akitaka apande miti.

"Sawa," wifi alisema.

Nilitaka kumgombeza. Nilikuwa nimeshapanga maneno yangu yote, kuanzia vibarua mpaka ukaidi wake, lakini nikaanza kulia hadharani mbele ya mgeni, mimi ninayejidai ngangari. Wifi alinitazama kidogo. Akainama, akashika upande mmoja wa gunia la kipande cha nne, akaningoja nishike wa pili.