Mwanafunzi Mwenye Mvi

Juzi nilimsindikiza mjukuu wangu chuoni, hapa Mchafukoge, siku ya kuwapokea wanafunzi wapya. Mbele yetu kwenye foleni alisimama mama mwenye mvi. Binti mmoja, mwanafunzi aliyeteuliwa kuwa mshauri wa wenzake, akamwinamia kwa adabu.

"Shikamoo, mama. Wazazi wanakaa kule kwenye turubai."

Mama akaikunja barua yake ya udahili, akageukia lango aondoke. Binti akaiona barua, akamkimbilia.

"Mama, nisamehe! Kumbe wewe ni mwanafunzi mwenzangu. Rudi, mstari wako ni huu."

Akarudi. Foleni nzima ikamwamkia: "Shikamoo!"

Mama akafuta machozi, akajibu: "Mambo?"

"Poa!" vijana wakalipuka.

Nimepokea shikamoo miaka mingi, wala sikujua kwamba yaweza kujibiwa hivyo na heshima isipungue hata chembe.