Pua ya Kathure

Hapa Kibirichia, ukitaka kufika kwetu usiulize jina. Uliza kwa "yule mama wa pua." Hata mlevi atakuelekeza. Na usidhani ni matusi. Mke wangu Kathure amefanya kazi kwenye kituo cha maziwa cha ushirika wetu tangu kijana wetu Murungi akiwa wa kubebwa mgongoni, na kazi yake ni moja. Mkulima akifika na mkebe wake, Kathure anafungua kifuniko, anakigeuza, ananusa upande wa ndani, kisha anasema "mwaga" ama "rudi nayo." Basi. Hakuna rufaa.

Watu wa mjini hudhani maziwa hupimwa kwa mashine. Kipimo cha kujua nani ameongeza maji kipo, ndiyo, na ipo chupa ya dawa ya kuonyesha kama maziwa yameanza kuchacha. Lakini dawa hiyo hutolewa pale pua inaposhuku. Ukimpima kila mtu kwa dawa, foleni itafika sokoni na jua litaharibu hata yale mazuri. Kwa hivyo lango la kwanza ni pua, na pua ilikuwa ya mke wangu. Alikuwa akikuambia ng'ombe wako jana alikula kabichi. Jirani yetu Bundi aliwahi kuambiwa mbele ya foleni nzima, "Wewe Bundi, huu mkebe ulibebea mafuta ya taa." Bundi akaapa kwa Mungu, akaapa kwa mamake, mwishowe akacheka mwenyewe na kurudi nayo nyumbani.

Mimi ni mtu wa viazi. Kwangu maziwa yote yananuka maziwa. Kathure hunitania, "Baba Murungi, pua yako Mungu alikupa ya kupumulia tu." Sibishani naye, kwa sababu ni kweli.

Sasa sikia jinsi mambo yalivyogeuka. Ulikuwa wakati ule wa kiangazi, upepo ukitoka mlimani na kuokota vumbi lote la Buuri. Kathure akaanza kupiga chafya. Si chafya ya mtu na heshima zake, la, ni mfululizo, mpaka anashika ukuta. Macho mekundu, yanawasha, pua inatiririka kama bomba lililokatika. Na hapo ndipo tulipopotelea, kwa sababu ugonjwa wenyewe hatukuwa na jina lake. Huku kwetu mtu akitokwa na kamasi ana homa. Malaria ni homa, baridi ni homa, kamasi ni homa. Na homa dawa zake zinajulikana: ndimu, tangawizi, kitunguu saumu, na kujifunika blanketi juu ya sufuria ya maji moto yenye majani ya mkaratusi. Tulifanya yote hayo. Mke wangu akanukia kama mboga iliyoungwa, na chafya ziko pale pale. Kanisani wakawa wanamshika mkono, "Pole na homa, mama." Mimi nachemka ndani. Homa gani hiyo isiyo na joto, isiyoisha, inayozidi ukimkaribia ng'ombe?

Siku moja natoka shambani, naona moshi unatoka jikoni. Nikakimbia. Kathure ameketi kando ya jiko anachambua mchele, na maharagwe yameungua mpaka sufuria imekuwa nyeusi.

"Kathure! Maharagwe!"

Akaangalia sufuria, akaniangalia mimi. "Sikusikia," akasema.

Unajua Kiswahili chetu, harufu husikiwa. Nilielewa alichosema. Nikaketi chini, pale pale kwenye majivu.

"Tangu lini?"

"Inakuja na kuondoka. Siku hizi inaondoka zaidi." Kisha akanishika mkono. "Usimwambie mtu, Baba Murungi. Nimeolewa, nimezaa, nimelima, na hayo kila mwanamke hapa ameyafanya. Lakini pua ni yangu. Wakijua imekufa, mimi nitakuwa nani?"

Nilikwangua sufuria.

Kazini akaanza kutegemea macho. Anatikisa mkebe, anaangalia povu, anatoa ile dawa mara kwa mara, na foleni inanung'unika. "Leo mama wa pua hatuamini?" wanamtania. Anacheka nao. Akifika nyumbani anaingia chumbani na kufunga mlango. Mganga hajigangi, wahenga walisema, lakini hawakusema mume wa mganga afanye nini.

Dada yake, Kajuju, ni mwalimu kule Embu mjini. Huyo ndiye alisema tuende kwake, atatupeleka kwa daktari wa masikio, pua na koo. Na huyo huyo Kajuju ndiye alisoma kwenye simu yake kwamba kuna bakteria wazuri, wanaitwa probiotiki, wako hata kwenye maziwa lala, yale ya kugandishwa yakachacha, na wanatuliza hiyo shida. Tulipofika alikuwa ameshatuandalia jagi zima mezani.

Daktari Mbogo alikuwa kijana mpole, na upole wake ndio ulionikasirisha. Alimwangalia Kathure puani kwa tochi, akasema, "Mama, hii si homa. Ni mzio. Aleji. Mwili wako unapigana na vitu ambavyo si adui. Vumbi, nyasi kavu, pengine manyoya ya ng'ombe. Ndani ya pua kumevimba, ndiyo maana harufu haipiti." Akamwandikia dawa ya kupuliza puani kila siku, akamwambia aoshe pua kwa maji safi yaliyochemshwa na kutiwa chumvi kidogo, avae barakoa, na apunguze kukaa karibu na ng'ombe na nyasi.

Kathure akacheka mpaka akapiga chafya. "Barakoa, daktari? Mimi kazi yangu ni kunusa! Na ng'ombe niwaache na nani? Huyu wa viazi?"

Kajuju akaingilia, "Na probiotiki, daktari?"

Daktari akaweka kalamu chini. "Utafiti upo. Kuna wagonjwa waliopewa bakteria hao wakapata nafuu kiasi, chafya na kuwashwa vikapungua. Kuna wengine hawakuona tofauti yoyote. Aina za bakteria ni nyingi, na kila utafiti ulitumia zake, kwa hivyo siwezi kukuambia kwamba wale wa kwenye lala yako ndio wale. Ukipenda kunywa, kunywa, kwako sioni ubaya. Lakini usiache dawa ya pua."

"Na nitasikia harufu tena?" Kathure aliuliza kwa sauti ndogo ambayo siijui kwake.

"Mara nyingi hurudi uvimbe ukishuka. Kukuahidi, siwezi."

Nilitaka kumshika shati! Mtu anatoka Kibirichia, anapita Nkubu, anapita Chuka, anafika Embu, anarudi nyumbani na "labda" mkononi kama mtu aliyetumwa sokoni akaleta kikapu kitupu. Lakini nikimfikiria sasa, alisema alichokijua na hakuongeza chumvi. Ni mimi niliyetaka uongo mtamu.

Mfa maji haachi kutapatapa. Kathure alipuliza dawa yake, akaosha pua, na akaanza kugandisha lala. Fikiria mwenyewe: mwanamke aliyeyafukuza maziwa machachu maisha yake yote, sasa anayakaribisha nyumbani, anayafunika kwa kitambaa, anayapa mahali pa joto. Nilimtania, "Rudi nayo, mama!" Akanirushia mwiko. Mikebe yetu ilikuwa miwili ya kufanana, mmoja wa kupelekea maziwa kituoni, mwingine akaufanya wa lala, unakaa nyuma ya mlango. Asubuhi kikombe, jioni kikombe. Nilikuwa namchungulia akinywa, kama mtu anayechungulia shamba baada ya kupanda.

Na kuna asubuhi moja alitoka bafuni akipiga kelele, "Baba Murungi, nimesikia sabuni!" Akanusa taulo, akanusa shati langu, akasema, "Wewe nawe, ukaoge!" Haki ya Mungu, sijawahi kufurahia kutukanwa namna hiyo. Tulicheka mpaka ng'ombe wakashtuka.

Kesho yake, hakuna. Kesho kutwa, kidogo. Halafu hakuna tena. Ni nani aliyeileta ile sabuni? Dawa ya daktari? Lala? Au mvua ndogo iliyonyesha usiku ule ikalaza vumbi? Nilimuuliza Kajuju kwa simu, naye akasoma tena, akasema tuendelee. Kuendelea hatukukataa. Lakini ukipanda mbegu tatu kwenye shimo moja, na ukaona jani, utajuaje ni la ipi?

Upepo ukarudi. Asubuhi moja Kathure alikamua huku akipiga chafya mpaka ng'ombe akakataa kusimama. Mimi nilikuwa mlangoni nafunga viatu vya shambani. Nikamwona akichukua mkebe, akaunusa ndani, kama alivyofanya maisha yake yote kabla ya kumimina. Watu wa maziwa hawakagui mkebe kwa macho, kwa sababu mkebe mzuri haunuki chochote. Akanusa. Hakusikia chochote. Akamimina.

Ulikuwa mkebe wa lala. Jana yake jioni alikuwa ameyahamisha maziwa kwenye jagi, akauacha kando ya mwenzake uoshwe asubuhi, na yale mazito yalikuwa bado yamekaa chini.

Kituoni alipokea maziwa ya watu, mwishowe akafungua ya kwake. Nayo akayanusa, maana hajipendelei. Akajiambia "mwaga," akamwaga kwenye mtungi mkubwa pamoja na ya wengine, na lori likaondoka.

Mchana lori likarudi na mtungi mmoja. Kiwanda kimeukataa. Mimi nilipata habari shambani, nikaacha jembe pale pale. Nikamkuta Mwirigi, mwenyekiti wa ushirika, ameusimamisha mtungi katikati ya uwanja wa kituo, na wenye maziwa wamezunguka kama watu wa matanga. Bundi alikuwa hapo. Mwirigi alipofungua kifuniko, watu wote walirudi nyuma. Hata mimi! Hata hii pua yangu ya kupumulia iliusikia ule uchachu.

Kathure peke yake hakurudi nyuma. Alikuwa ameinama juu ya mtungi, akiwa na koti lake jeupe la kazi, anavuta pumzi, anavuta tena. Watu wakaona. Nilitaka ardhi ipasuke, si kwa aibu, kwa huruma, kwa sababu nilijua kinachofuata na sikuwa na la kufanya.

"Mama Murungi," Mwirigi akauliza polepole, "unasikia?"

Akavuta pumzi mara ya mwisho. Kisha akasema, "Sisikii."

Akachovya kidole ndani ya mtungi, akalamba. Ulimi ulikuwa bado uko. Akauendea mkebe wetu mwenyewe, akakwangua chini kwa kucha, akalamba tena. "Haya hayakuharibiwa na jua," akasema. "Hii ni lala. Ni yangu. Yamewaharibia nyinyi wote."

"Samaki mmoja akioza..." mtu mmoja akaanza kusema nyuma, na Bundi, Bundi yule wa mafuta ya taa, akamgeukia, "Wewe, nyamaza!"

Kathure akafungua vifungo vya koti. Hakuna aliyemwambia afungue, na hakuna aliyemwambia aache. Alilikunja vizuri, akalishika kwa mikono miwili, akampa Mwirigi. Mwirigi ni mtu mzuri. Alilipokea kama anapokea mtoto mchanga, akatafuta neno la kumfariji, akalipata lile tulilo nalo sisi sote.

"Pumzika kwanza, mama. Homa ikiisha, utarudi."

"Si homa," Kathure akasema.

"Ndiyo, ndiyo," wakaitikia wote, wanamhurumia. "Pole sana na homa, mama."

Akaniangalia mimi niwaeleze. Mimi, mumewe, niliyekwenda Embu, niliyesikia kwa masikio yangu. Nikafungua mdomo. Mzio, nikasema, aleji, mwili unapigana na vitu ambavyo si adui, na wao wakaniangalia kwa heshima vile unavyomwangalia mtu aliyefiwa. Tukabeba mkebe wetu, tukaenda.

Sasa kituoni ananusa binti mwingine, na foleni inasonga. Kathure bado anapuliza dawa yake, bado anakunywa lala yake asubuhi na jioni. Sijamwambia aache, na sijamwambia aendelee. Daktari tumempigia simu, amesema tungoje.

Leo asubuhi amekamua kama kawaida. Amechukua mkebe, ameuinua hadi puani, mkono umezoea. Halafu ameuteremsha, akaja nao mlangoni nilipokuwa nafunga viatu, akaniwekea mdomo wa mkebe usoni.

"Sikia," akaniambia.

Nikavuta pumzi yote niliyo nayo. Nikasikia bati. Nikasikia moshi wa jikoni, pengine na sabuni, pengine na kitu kingine chini ya hiyo sabuni. Nikavuta tena. Alikuwa ananiangalia machoni, anangoja neno moja tu kati ya yale mawili aliyowapa watu miaka yote hiyo.

"Ni safi?"

Ningekuwa na pua ya kumpa ningeikata nikampa.

"Sijui, mama," nikamwambia. "Sijui."