Nilivyomwomba Bibi Radhi kwa Kilatini

Juzi nilimkuta mjukuu wangu, mwanafunzi wa seminari kule Nyegezi, akikariri Kilatini, kazi yake likizo nzima hiyo. Mimi shule niliishia la tatu, lakini Kilatini nilikisoma misheni likizo moja, asubuhi mpaka jioni. Padri alizika watu kwa lugha hiyo, nami nikaamini ndiyo wanayoisikia wafu.

Nilikuwa nimevunja kibuyu cha maziwa cha bibi, nikamsingizia mbwa, na bibi akafa kabla sijamwambia ukweli. Alasiri moja nikapiga magoti kaburini, nikasoma sala ya toba yote. Mama akanikuta, mikono yake ikinuka dagaa.

“We Masanja, bibi yako Kilatini alikijulia wapi? Sema naye Kisukuma!”

Kwa Kisukuma hata mama angeelewa. Nikajipangusa magoti, na mpaka leo bibi sijamwomba kwa lugha yake.