Mgeni Aliyengoja Kutembelewa

Busunzu, kijiji cha Kibondo mkoani Kigoma, ilikuwa imeshatoa walimu, ilikuwa imeshatoa waganga wa zahanati na hata padri mmoja, lakini mtu wa chuo kikuu ilikuwa haijatoa, mpaka mwaka tisini na tano ilipomtoa Fidele Nkunzimana. Na ilipomtoa, jamani, ilimtoa kwa vishindo. Kwaya iliimba, pombe ya ndizi ilinywewa hadi mitungi ikalazwa ubavu, na baba yake, mzee Bazilio, akapata jina jipya siku hiyo hiyo. Watu walianza kumwita Baba Chuo Kikuu. Walimwita kwa utani, lakini yeye aliligeukia jina hilo upesi kuliko lile la ubatizo.

Huyu Bazilio alivuka kutoka Burundi mwaka sabini na mbili, yeye na mkewe Esteri, na sufuria moja. Walifika Busunzu wakajiezekea kibanda cha majani, wakakaa mbele yake wakangoja, maana ndivyo mgeni anavyofanya. Mgeni wa kule hazunguki. Anafagia mbele ya mlango wake, anakaa, na wenyeji ndio wanaomjia, huyu na kuni, yule na maji, mwingine na maharage na kijinga cha moto. Mgeni akianza yeye kuzungukia nyumba za watu, wanaomwona wanasema huyu ana njaa, au kuna jambo amelikimbia kwao. Jua halijazama siku ile, Bazilio na Esteri walikuwa wanapikia kuni ambazo hawakuzikata wao. Mzee aliwasimulia watoto habari hiyo mara nyingi hivi kwamba Fidele angeweza kuisimulia mwenyewe, na wakati huo alikuwa hajazaliwa.

Basi ndiyo akili aliyokwenda nayo Dar es Salaam.

Walimpa chumba cha mwisho kwenye korido ndefu ya bweni, yeye na kijana mmoja wa Songea aliyeitwa Makarius. Makarius alikuwa na shangazi yake mjini, na kila ikifika Ijumaa alikuwa anabeba kibegi chake na kwenda kwa shangazi. Jumamosi ya kwanza Fidele alideki chumba mpaka sakafu ikang'aa. Akatandika kitandani kitambaa alichofumiwa na mama yake, akanunua biskuti na karanga za kuwakaribishia watu, akafungua mlango wazi, akakaa kwenye kiti akiutazama. Miguu ilipita. Vijana walipita na taulo mabegani, wakachungulia, wakasema "mambo" na kuendelea na safari yao. Fidele alikuwa amezoea kumsalimia mtu kwa mikono yote miwili, kumuuliza ameamkaje, na nyumbani, na watoto, na ng'ombe. Sasa utamuulizaje mtu habari za nyumbani naye ameshafika chini ya ngazi? Jioni alizila biskuti zake mwenyewe.

Jumamosi ya pili, vile vile. Ilipofika ya tatu aliufunga mlango.

Alichukia. Tusimpambe, alichukia hasa. Alisema moyoni kwamba watu hawa wamemkataa. Labda wamesikia anatoka Kigoma, mwisho wa reli. Labda wamesikia baba yake alivuka mpaka na sufuria. Tangu hapo alikwenda darasani, alikwenda maktaba, alikula pembeni ya bwalo akiwa ameuelekea ukuta, akarudi chumbani. Masomo hayakumshinda hata kidogo, alama zake zilikuwa nzuri. Kilichomshinda ni ule ukimya. Kuna siku ilifika jioni hajamwambia mtu neno hata moja, na siku nyingine alifungulia maji bafuni ili asisikike akilia. Mtu mzima, ameota ndevu, analia bafuni.

Likizo ya Krismasi ilipofika alipanda treni hadi Kigoma, na kutoka hapo basi hadi Kasulu. Pale stendi ya Kasulu ndipo alipomkuta Harerimana, mtoto wa mjomba wake, aliyekuwa dereva wa shirika moja la misaada kwenye kambi ya wakimbizi upande wa Kibondo. Miaka ile kambi zilikuwa zimejaa, na mashirika yalikuwa yanahangaika kutafuta wakalimani. Harerimana alimnunulia chai akamwambia kwamba mtu anayejua Kirundi, Kiswahili na Kiingereza hapangi foleni; akitaka, Jumatatu ya baada ya mwaka mpya angempitia na gari na kumpeleka kwa mabosi. Fidele alikubali chai haijapoa. Wala hakujiuliza kama kazi hiyo anaipenda. Alichosikia ni kwamba hatarudi tena kwenye ile korido.

Kulikuwa na tatizo moja tu, nalo lilikuwa kumwambia Baba Chuo Kikuu.

Ungemwambiaje? Fidele alipofika, mzee alikuwa amevaa koti lake la harusi za watu, katikati ya juma. Baada ya misa alimzungusha kwa kila kikundi cha wanaume, akamtaka aseme kidogo Kiingereza, chochote tu. Fidele akasema kwamba mvua imenyesha vizuri na maharage yamestawi, wakapiga makofi. Esteri alimtengea sahani ya kwanza kila siku, na mzee hakulalamika. Kila asubuhi Fidele aliamka na ile habari mdomoni, na kila jioni akalala nayo. Siku zilikwenda, zikabaki Jumamosi na Jumapili tu kabla Harerimana hajaja.

Jumamosi hiyo kulikuwa na wageni wapya pale senta. Mfanyabiashara mmoja wa Pangani, Shamsi, alikuwa amepanga duka, na mkewe Mwajabu na binti yao Nasma walikuwa wameshuka kwenye lori usiku wa kuamkia siku hiyo. Wanawake wa kitongoji hawakuhitaji kuambiwa. Walikusanyika uani kwa Esteri na maharage yao na ndoo za maji, na Esteri, akimwona mwanawe amekaa tu, akamtwika mzigo wa kuni. Fidele akafuata nyuma ya akina mama, kuni begani. Mmoja wao akasema hizo sasa zitawaka vizuri kuliko zote, zimebebwa na chuo kikuu.

Hawajafika hata nusu ya njia, pale kwenye kona ya mibuni, wakakutana na Mwajabu mwenyewe anakuja. Amejifunga kanga mbili, ameshika sinia la vitumbua lililofunikwa kawa, na Nasma anamfuata nyuma. Alikuwa anakwenda kubisha hodi kwa majirani.

Pande zote mbili zikasimama. Mwajabu alimwamkia Esteri shikamoo, na Esteri, akiisha kuitikia, akamwomba kwa upole arudi nyumbani kwake akakae, ili waje kumsalimu inavyotakiwa. Mwajabu akasema haiwezekani, yeye ndiye mgeni, wao ndio warudi makwao wakae, awafikie mmoja mmoja. Mmoja wa akina mama akacheka, mwingine hakucheka. Esteri akawa ameshaanza kukunja uso.

"Mama Nasma, huku kwetu mgeni akianza kuzunguka kwenye nyumba za watu, tunamwonea huruma," alisema. "Tunajua hana cha kula."

"Na kwetu, mama yangu, mgeni akijifungia ndani tunasema anajiona," Mwajabu akajibu. "Nimeamka alfajiri nachoma vitumbua hivi ili msije mkanisema."

Fidele alikuwa bado amesimama na kuni begani, shingo imepinda. Hakuna aliyemtaka neno, mazungumzo yalikuwa ya watu wazima. Lakini akauliza, na sauti ikamtoka kubwa kuliko alivyokusudia.

"Na asipotoka, mama, majirani wanamfanyaje?"

Mwajabu akamtazama kama anayeuliza jambo la wazi. "Hawamfanyi kitu. Wanamwacha. Wanajua ndivyo anavyotaka."

Kuni zilimporomoka. Zote, hapo njiani, moja ikamwangukia mguuni, na akina mama wakadhani mtoto wa chuo kikuu amechoka, wakamcheka bila huruma. Hakusikia maumivu. Alikuwa anaiona ile korido, milango ikitazamana pande zote mbili, na vijana wale waliochungulia wakamwona mtu amekaa kwenye kiti amekunja uso, haji kwao, hasemi kitu, na siku moja akawafungia mlango. Walikuwa wanamngoja. Aibu ilimpanda, na nyuma ya aibu ikaja furaha ambayo nusura imfanye aimbe. Hawakumkataa. Hakuna mtu aliyemkataa. Aliokota kuni zake huku anacheka peke yake, na mwishowe akina mama wakakubaliana kula vitumbua pale pale njiani na kwenda kwa Mwajabu wote pamoja.

Jioni hiyo, kabla ya chakula, alimweleza baba yake kila kitu, biskuti, bafu, Harerimana na Jumatatu. Bazilio alisikiliza hadi mwisho bila kumkatiza. Kisha akauliza swali ambalo Fidele hakulitarajia.

"Hao wa mlango wa jirani yako wanatoka wapi?"

Fidele hakujua. Akaulizwa wale wa mlango unaofuata, nao hakuwajua. Mzee alishtuka kwa hilo kuliko alivyoshtushwa na habari ya kambi. Miezi yote hiyo amelala ukuta kwa ukuta na watu, hajui kwao.

"Kazi ya kambini ni kazi ya heshima," alisema. "Ukiitaka, nenda, mimi nitawaambia watu. Lakini usiiendee kwa sababu unaogopa milango."

Jumatatu Harerimana alikuja, akapiga honi, akaambiwa safari hakuna. Alinuna, na haki yake, maana alikuwa ameshatoa ahadi kwa mabosi. Fidele alimwomba radhi, na juma lililofuata akarudi Dar es Salaam na galoni la asali ya Kibondo.

Usidhani ilikuwa rahisi. Kichwa kilikuwa kimeelewa, mwili haujaelewa. Alisimama mbele ya mlango wa jirani na galoni mkononi, na kila alichofundishwa Busunzu kilimwambia kwamba anaonekana ombaomba. Aliunyanyua mkono, akaushusha, akajifanya anafunga kamba za viatu. Mwishowe alibisha. Aliyefungua alikuwa Abdalah, kijana mrefu wa Tanga, kifua wazi, kijiko mdomoni.

"Naitwa Fidele, wa chumba cha mwisho," alisema kwa mkupuo mmoja. "Natoka Busunzu, Kibondo. Mimi ndiye mgeni wenu. Nimechelewa kubisha hodi."

Abdalah alimtazama, akaitazama asali, akatoa kijiko mdomoni. Akamwambia bila kuficha kwamba korido nzima ilikuwa imeshakata shauri kuwa yeye ni usalama wa taifa, mtu kimya vile, anakaa anatazama wanaopita mlangoni. Kisha akamvuta ndani kwa mkono na kutafuta mkate.

Si kila mlango ulikwenda hivyo. Mmoja alipokea asali yake akafunga, hata asante hakusema. Lakini wengi walimkalisha, wakamuuliza kwao, naye akawauliza kwao, na wakati wa chakula alishuka bwaloni katikati ya watu wanaobishana kama asali ya Kibondo inaizidi ya Tabora. Makarius aliporudi kutoka kwa shangazi na kusikia habari hizo, alikiri jambo kwa kuona haya. Shangazi yake alikuwa mkali na nyumba yake ina kunguni. Alikuwa anakwenda kule kila Ijumaa kuukimbia ukimya wa Fidele.

Mwaka wa pili walikuwa wanamwita Balozi, kama balozi wa nyumba kumi. Akiugua mtu, Balozi ndiye anayejua. Akifiwa mtu, Balozi ndiye anayepita milango yote. Na wageni wa mwaka wa kwanza walipokuja Oktoba, hakungoja kujua huyu ni wa kukaa au wa kubisha. Aliwaendea wote, na mlango wake mwenyewe ukabaki wazi. Alikuwa na maringo kidogo juu ya jambo hilo, na tumwache aringe.

Alihitimu mwaka tisini na nane. Esteri mguu wake haukuweza tena safari ya treni, kwa hiyo Bazilio alikwenda peke yake na lile koti. Habari za marafiki alikuwa amezisikia kila likizo, lakini kusikia ni kusikia. Kabla ya kuondoka alimwambia mkewe kwamba jina la mtoto likitajwa atapiga makofi ya watu wawili, maana kwenye mji ule nani mwingine atampigia mtoto wa Busunzu.

Siku yenyewe akakaa katikati ya wazazi wa watu, mikono tayari magotini. Jina likasomwa: Fidele Nkunzimana. Mzee akanyanyua mikono, na kabla hajaipiga, upande mzima wa vijana nyuma yake ukainuka kwa mara moja. Walipiga viti, walipiga mbinja, waliita Balozi, waliita Busunzu, mpaka msoma majina akanyamaza kungoja watulie. Bazilio aligeuka kuwatazama, na mikono yake ikabaki hewani.

Mama mmoja aliyekaa karibu naye, ambaye kelele zilikuwa zimemkera, akamuuliza kama hao vijana ni wa kwake.

Mzee akawatazama tena, uso mmoja baada ya mwingine. Hakumjua hata mmoja.

"Ni wa kwetu," akamjibu. "Wote."