Mguu wa Kuogeshea Mjukuu

Kwetu mtoto mchanga huogeshwa miguuni. Bibi yake hukaa kwenye kibao kifupi, akanyoosha miguu yote miwili mbele, akamlaza mtoto juu ya miundi yake na kummiminia maji ya vuguvugu kwa kopo. Mama yangu alimwogesha hivyo binti yangu hapa hapa Deira, Dubai, kwenye fleti ambayo bafu lake lilikuwa dogo mpaka nyayo za mama zikatokeza mlangoni, na mume wangu kila akipita anaziruka. Mimi nilikaa pembeni na taulo, nikasema moyoni, zamu yangu itafika.

Kwa hiyo binti yangu aliponipigia simu kutoka Uswidi, aliko kwa mumewe, akaniambia ana mimba na anakuja kuzaa kwangu, kama ilivyo desturi yetu kwa mimba ya kwanza, nilipiga kigelegele mpaka jirani akagonga ukuta. Tulipomaliza kuzungumza nikalitazama goti langu la kushoto, nikaanza kulia. Lilikuwa limevimba kama siku zote zile. Halikunjiki likakunjika, wala halinyooki likanyooka. Nitamwogeshaje mtoto na mguu uliogoma?

Najua mabeseni ya plastiki yapo. Yapo mpaka yenye kipimajoto, na wifi yangu, dada wa mume wangu, alishanionyesha moja dukani lenye picha za bata. Nikamwambia bata amwogeshe mwanawe. Mimi nataka miguu yangu.

Goti lenyewe nililipata huko huko Uswidi, kiangazi kilichotangulia, nilipokwenda kumtembelea binti yangu. Nyumba yao imepakana na msitu. Kila jioni tulikwenda kuchuma matunda madogo ya buluu yanayoota chini chini, mimi na dera langu na kandambili, nikichoka najitupa majanini kama niko Bustani ya Forodhani. Mkwe wangu, kijana wa adabu, aliniambia, "Mama, huku kuna kupe. Ukirudi nyumbani ujikague."

Kupe! Mimi niliyekulia shamba Unguja, nyumba moja na mbuzi, ndiye wa kufundishwa kupe? Hata hivyo nilijikagua, maana sikutaka kumvunja moyo. Nilitafuta kupe ninayemjua, yule wa kijivu, aliyeshiba, mkubwa kama punje ya harage. Sikumwona, nikasema alhamdulillahi. Kumbe kupe wa kule akiwa bado mdogo hazidi chembe ya ufuta. Tena huparamia taratibu mpaka apate pa kujificha, kwapani, kinenani, nyuma ya sikio, nyuma ya goti. Nani ana macho nyuma ya goti?

Nikarudi Dubai salama, mzigo wangu umejaa jamu, nikaikuta harusi ya mtoto wa wifi imewadia. Wifi yangu ndiye mchora hina wa ukoo mzima. Akanikalisha sebuleni kwake, akanichora hina na piko, ile rangi nyeusi kali, tangu vidoleni mpaka katikati ya muundi, huku akinisema kwamba mashavu ya miguu yangu yamenenepa kwa siagi ya Ulaya. Baada ya siku chache nikaona alama kwenye shavu la mguu wa kushoto, juu kidogo ya maua yake. Duara, kubwa kuliko kiganja, katikati pamefifia. Kwenye vitabu duara kama hilo huandikwa kuwa ni jekundu. Juu ya ngozi yangu mimi lilikuwa la zambarau iliyofifia, kama mahali nilipojigonga.

"Piko yako imenichoma," nikamwambia.

"Ebo! Piko ikichoma inawasha. Hiyo inakuwasha?"

"Haiwashi."

"Basi si piko. Usinivunjie jina langu mbele za watu."

Lakini watu wenyewe walikuwa wameshasikia. Kila mwanamke wa pwani anamjua mtu aliyeungua kwa piko, na hakuna aliyehitaji maelezo mengine. Nikapakwa asali, nikapakwa mtindi, duara likaisha lenyewe. Homa ikaja, uchovu ukaja, shingo ikakaza, na yote tukayatia kwenye gunia la harusi. Mimi na wifi tukanuniana, kununiana kwa mawifi, kule kwa kusalimiana kwa mkono na kutazama pembeni.

Miezi ikapita, goti likafura. Mume wangu, anayesimamia mizigo bandarini Hamriya, akasema ni kiyoyozi. Daktari wa kwanza akasema ni umri, na nikamchukia papo hapo. Wa pili akavuta maji kwa sindano, goti likapungua, kisha likafura tena. Ikawa naswali kwenye kiti. Ngazi za metro nazitazama kwanza kabla sijazipanda.

Binti yangu ndiye aliyeuliza. Tulikuwa kwenye simu ya video, nikimwonyesha lile goti. "Mama, uliporudi kutoka huku, uliona alama yoyote mwilini?"

"Alama gani? Labda ile ya piko."

"Ilikuwa duara?"

Nilipomjibu akajishika kichwa. Kule kwao, akasema, hata watoto wa chekechea wanalijua duara hilo. Ni ugonjwa wa Lyme, unaletwa na kupe. Nikaenda kwa daktari wa tatu, mama mmoja mpole wa Kihindi, nikamweleza msitu, matunda na duara. Akaniambia ugonjwa huo kupe wa hapa hawana, huja na wasafiri, na mgonjwa asipotaja safari ni vigumu kumfikiria kupe. Damu ikapimwa, jibu likawa ndiyo. Akaniandikia antibayotiki za mwezi mzima, akaniambia nisiache hata kidonge kimoja, na nisije nikazibadilisha na majani ya mtu yeyote. Nilizimaliza zote.

Hapa Dubai ukisema umeugua kwa sababu ya kupe, watu hucheka kwanza. Wa ngamia? Mume wangu aliulizwa kazini kama ameniletea kutoka kwenye meli ya mbuzi. Naye wifi alipopata habari alikuja siku hiyo hiyo, akasimama mlangoni na buibui lake, mkono kiunoni.

"Haya, niombe radhi. Na piko yangu uiombe."

Nikamwomba radhi yeye, nikaiomba na piko. Tukacheka mpaka goti likauma. Kisha akatoa mkobani chupa ya mafuta ya karafuu, maana kwetu hakuna ugonjwa ambao karafuu haikaribishwi.

Dawa ziliua vijidudu, goti likabaki na hasira zake. Daktari alinieleza kwamba kwa baadhi ya watu uvimbe hukawia kuondoka hata baada ya tiba, na kwamba mazoezi ndiyo yatakayolirudisha. Hapo ndipo simu ya mimba iliponikuta. Siku nyingine naamka mzima, napika, nafua, nafika mpaka sokoni. Siku nyingine naamka nimechoka kabla sijafanya lolote, na mtu akiniambia "mbona umenawiri" natamani kumpiga na mwiko. Nimejifunza kutoahidi mambo. Nasema inshallah, na safari hii naisema kwa maana yake. Asubuhi mume wangu hunipeleka ufukweni kabla ya jua kuchachamaa, natembea ndani ya maji mpaka kiunoni, naye amesimama nchi kavu ameshika kandambili zangu.

Mimba ilivyozidi kukua, nami nikaanza mazoezi ya siri. Nikanunua kibao kifupi. Nikachukua mfuko mdogo wa mchele wa basmati, nikaufunga kwenye kanga, nikaingia bafuni, nikakaa, nikanyoosha mguu wa kulia. Huo mzima. Nikanyoosha wa kushoto. Ukafika nusu, ukakataa. Mfuko ukabingirika mpaka kwenye tundu la maji. Siku ya pili ukabingirika tena. Siku moja mume wangu akafungua mlango akanikuta nauimbia mchele.

"Mama watoto," akasema, "unaukosha au unaulea?"

"Ondoka hapo, yalla!"

Akaondoka. Kisha nikamsikia anapenga kamasi sebuleni, nikajua hakuwa anacheka.

Binti yangu akafika na tumbo lake, nikampokea uwanja wa ndege kwa miguu yangu bila mkongojo. Kwa mtoto sikuwa na la kufanya ila kusubiri, lakini kwa ile nyumba ya msituni nilikuwa na mengi ya kusema, maana atarudi kule na kichanga. Nikatoa cherehani. Nikachukua kitambaa cheupe kilichobaki cha kanzu za babake, nikamshonea suruali za kuvaa ndani ya dera, zenye mpira vifundoni, na soksi zivutwe juu ya suruali. Nyeupe kwa makusudi, kupe akipanda aonekane. Nikamwambia apite katikati ya njia, asijisugue na vichaka. Akitaka kukaa, atandike mkeka juu ya mawe makavu penye jua, majanini akome. Majani yanayozunguka nyumba yafyekwe mafupi. Wakirudi, nguo ziingie kwenye mashine ya kukaushia yenye moto mkali kwanza.

"Mama, mimi ndiye ninayeishi huko," akasema.

"Na mimi ndiye niliyeumwa. Sikiliza."

Wifi naye akaja na chupa zake za kumfukuzia kupe, karafuu na mkaratusi. Tukampigia daktari. Akasema mafuta ya namna hiyo yasimguse mtoto mchanga kabisa, na mtu mzima asiyategemee hata yakinukia vipi. La kutegemea ni kujikagua kila jioni kwa vidole, kila mkunjo. Nikamuuliza, kupe akionekana je, maana sisi shamba tulikuwa tunampaka mafuta ya taa au tunamchoma kwa kijinga cha moto. Nilisikia daktari anashusha pumzi. Tusipake kitu wala tusichome, akasema. Kibano chembamba, umshike karibu kabisa na ngozi, umvute moja kwa moja taratibu, kisha uoshe kwa sabuni. Likitokea duara au homa, mbio hospitali. Wifi akazirudisha chupa zake mkobani kwa huzuni, ila karafuu akaniachia mimi.

Mtoto akazaliwa wa kike, mzima, na sauti ya kumwamsha babu yake chumba cha tatu. Siku za mwanzo alifutwa kwa kitambaa mpaka kitovu kikadondoka. Siku ya kuogeshwa ikafika, na goti nalo likachagua siku hiyo hiyo. Nilipoamka lilikuwa limejaa, la moto. Nikaenda bafuni hivyo hivyo. Maji tayari, kibao tayari, wifi mlangoni na taulo.

Nikakaa. Mguu wa kulia ukanyooka. Wa kushoto nikausukuma kwa mikono yote miwili, nikasukuma mpaka machozi yakanitoka, ukakaa umepinda, hautaki. Mjukuu wangu huwezi kumweka juu ya mguu kama ule, atateleza. Binti yangu alikuwa amesimama na mtoto mikononi akinitazama. Nikamwambia, "Khalas. Mleteni huyo bata wa beseni."

Nilisema kwa kucheka, lakini nilikuwa naumia, wallahi, moyo uliuma kuliko goti.

Binti yangu hakutoka. Alimpa wifi mtoto, akavuta ndoo ya plastiki, akaipindua, akakaa juu yake kulia kwangu, taratibu, maana naye alikuwa bado hajapona sawasawa baada ya kujifungua. Akapandisha dera, akanyoosha mguu wake wa kushoto ukalala sambamba na wangu wa kulia, muundi kwa muundi. "Mlete, shangazi," akasema.

Wifi akamlaza mtoto hapo, nusu kwangu, nusu kwa mamake, mtoto akalala kama yuko kitandani. Nikachota maji. Mtoto akapiga ukelele mmoja, kisha akatulia, akafumbua macho kututazama. Mkono wangu ukaenda wenyewe kama ulivyokwenda wa mama yangu: nyuma ya masikio, chini ya kidevu, kwapani, kinenani, nyuma ya magoti, kati ya vidole, kila mkunjo. Nikacheka peke yangu. Kumbe ndiyo njia ile ile ya kumtafuta kupe.

"Umeona mkono unavyopita?" nikamwambia binti yangu. "Hivi hivi, kila jioni, usiruke mahali."

Akachukua kopo, akafuatisha. Alikuwa anajua kuliko nilivyodhani. Tulipomaliza, mtoto amekwishafungwa taulo, yuko kwa wifi, sisi wawili tukabaki tumekaa palepale, miguu imelowa, hakuna anayeweza kunyanyuka bila mwenzake.

"Mama," akasema, "kule nitamwogesha na mguu wa nani?"

"Unayo yako yote miwili, mizima," nikamwambia. "Uvae zile suruali, uitunze. Na wewe utakuja kuwa bibi."

Akanishika mkono. Kisha akamwita babake aje kutunyanyua.