Nywele za Mama Nyangau

Jemimah Bonareri, aliyeitwa Mama Nyangau kwa jina la mwanawe, alijifunza Kisumu kuchoma nywele kwa chanuo la moto zinyooke, na mwaka wa 1966 akapanga chumba mjini Kisii, nyuma ya duka la fundi cherehani. Alikuwa na jiko la makaa, machanuo mawili ya chuma, kopo la mafuta ya mgando na kioo. Walimu wakaja, wakaja wauguzi na wake za makarani. Mwishowe wakaja hata wake za wazee wa kanisa la Sabato, ambao kabla ya kuketi walieleza kwamba hawakuja kujipamba, walitaka tu nywele zisiwasumbue.

Siku moja mteja alikosekana, naye akaamua kujichoma mwenyewe mbele ya kioo. Mkono ulikwenda upande mmoja na kioo kikaonyesha mwingine. Chanuo lenye moto likatua utosini. Muuguzi mmoja, mteja wake, alimfunga kidonda akamwonya asiguse kichwa kwa chanuo wala kwa moto mpaka kipone. Kilichukua miezi mitano. Alipofungua kitambaa, nywele zilikuwa zimeshikana vishada vishada. Alijaribu kuzichana, akaacha huku machozi yakimtoka.

Mumewe Thadeus, karani wa kituo cha kununulia majani chai huko Sironga, alimshauri anyoe.

"Nani atampelekea kichwa msusi mwenye kipara?" Jemimah akamuuliza.

"Na nani atampelekea msusi mwenye kichwa kama hicho?"

"Hiki hawatakiona."

Akafunga kitambaa, na siku hiyo hiyo akachoma nywele za wanawake watatu.

Alifikiri nywele zisizochanwa hazina kazi. Alikosea. Mwaka wa kwanza zilinuka. Siku za wiki alilala mjini na Ijumaa akarudi nyumbani Sironga kabla ya Sabato kuingia. Jumapili jioni aliziosha, akazifunga zikiwa bado mbichi ili awahi basi, na kufikia Jumatano kitambaa kilitoa harufu ya gunia lililosahaulika mvuani. Fundi cherehani alidhani panya amefia chumbani. Alisogeza mashine yake na kupekua kila kona, na Jemimah akamsaidia kutafuta.

Tangu hapo aliosha Jumapili asubuhi, kwa maji ya mvua na povu la sabuni ya kipande iliyoyeyushwa. Alizikamua kwa shuka kuukuu, akaketi nyuma ya migomba mpaka jua lizikaushe hadi ndani. Mafuta ya mgando, yale aliyowapaka wateja kwa ukarimu, aliyaacha kabisa kwa sababu yalishika vumbi. Yeye alijipaka tone la mafuta ya mbarika kwenye ngozi, basi. Vishada vilijisokota, na kazi kubwa ilikuwa kwenye mizizi. Asipoitenganisha kwa vidole kila wiki, misokoto miwili iliungana ikawa mmoja mnene kama kamba ya ng'ombe. Ya kisogoni hakuifikia, ikabidi Thadeus afundishwe.

"Ni kama mistari ya chai," Thadeus alisema siku moja akiwa nyuma yake. "Ukiiacha mwaka mmoja tu, huwezi kupita katikati."

"Tenganisha, Baba Nyangau. Usihutubu."

Miaka ikapita, misokoto ikamfika mabegani, na kitambaa kikazidi kuwa kikubwa. Mjini watu walikuwa na maelezo yao. Mwanamke anayenyoosha nywele za wenzake vile, walisema, zake lazima ziwe za ajabu, na kama anazificha ni kwa unyenyekevu. Drusilla, mke wa mzee wa kanisa kutoka Manga, alimsimamisha mbele ya mkutano wa akina mama. "Mtazameni Mama Nyangau," alisema. "Ana uwezo wa kujipamba kuliko sisi sote, na amejifunika." Akina mama wakaitikia amina. Jemimah akatazama viatu vyake.

Mwaka wa 1974 Orpah, binti wa Drusilla, akapata mchumba. Siku tatu kabla ya harusi alikuja mjini akaketi mbele ya jiko.

"Mama Nyangau, sitaki za kila mtu. Nifanyie kama zako."

"Zangu hazifai harusini, mwanangu."

"Hivyo ndivyo ulivyomwambia na mwalimu Esnah. Watu wanasema kuna mafuta unayojiwekea mwenyewe, sisi unatupaka ya dukani."

Maneno hayo Jemimah alikuwa ameyasikia, na yalikuwa yameshaanza kupunguza wateja. Isitoshe, kuhusu mafuta yalikuwa ya kweli. Alikwenda akafunga mlango, akarudi, akafungua kitambaa.

Kaa moja la moto likapasuka kwenye jiko, wakashtuka wote wawili.

"Zinauma?" Orpah akauliza.

"Haziumi. Zinazouma ni hizo zako, nikishaanza."

Orpah aliushika msokoto mmoja, akaupima uzito kiganjani, akaunusa. Kisha akageuka, akainamisha shingo na kusema, "Basi nichome kama wengine." Jemimah akamchoma, na hakuwahi kuchoma kichwa kwa uangalifu namna ile.

Harusi ilifanyika Manga Jumapili ya Aprili, na mvua ikanyesha saa nane, kama inavyonyesha Manga kila saa nane ya Aprili. Kutoka kanisani hadi nyumbani kwa bwana arusi palikuwa na kilima na njia ya miguu. Bibi arusi aliondoka na nywele zilizolala mabegani, akafika na nywele zilizosimama wima. Jemimah naye alilowa vilevile. Alikamua kitambaa chake nyuma ya jiko la watu, akakifunga tena, akaenda kula.

Wiki iliyofuata Drusilla aliingia chumbani mjini bila kubisha. Orpah alikuwa amemwambia mamake kila kitu. Jemimah akadhani ametengwa na kanisa, akazima jiko.

"Tumekaa kikao," Drusilla alisema. "Wazee wamepekua Biblia siku mbili wakitafuta mahali panapokataza. Wamempata Samsoni na vishungi vyake saba."

"Wakasemaje?"

"Wakafunga Biblia." Drusilla alikaa kwenye kigoda. "Wanaomba uendelee kujifunika tu."

"Nimejifunika miaka minane, Mama Orpah."

"Ndiyo maana hawakuona ni adhabu kubwa."

Basi mambo yakabaki vilevile, isipokuwa kitambaa alichosifiwa nacho sasa aliamriwa kukivaa. Jemimah alikasirika siku chache, kwa kuwa aliona heri angefukuzwa na watu wakajua. Kisha kazi ikamzidi. Wenye kuchoma waliendelea kuingia kwa mlango wa mbele, kupitia kwa fundi cherehani. Kwa mlango wa nyuma walianza kuja wengine, waliosikia minong'ono ya kikao, waliochoka kuungua masikio na waliokatika nywele mbele, wakiuliza kwa sauti ya chini mtu huanzaje. Aliwafundisha kugawa, kusokota, kuosha kwa mvua, na zaidi ya yote kutofunga kichwa kibichi.

Mwaka wa 1977 Orpah naye alikuja kwa mlango wa nyuma, mtoto mgongoni. Nywele za juu ya paji la uso zilikuwa zimekwisha kwa moto. Jemimah alizipapasa, akasema zilizobaki zinatosha kuanzia, afike wiki ijayo.

"Nitakuja Jumatano," Orpah alisema. "Lakini tafadhali, Mama asijue."

Jemimah alikunja taulo lake akaliweka begani.

"Njoo Alhamisi," akasema. "Jumatano mlango huu ni wa Mama yako."